Galaksi za Pembeni

Siku ya tatu ya safari, tulipolipita pori la Biharamulo, niliacha kuuliza tumebakiza kiasi gani. Nilikuwa nimetoka Songea na begi moja, sanduku la vifaa vya sola na namba ya simu ya rafiki aliyeniambia kuwa Kagera kuna kazi, watu wanajenga na kila paa linataka paneli. Usiku wa kwanza nililala stendi ya Dodoma, wa pili katika gesti moja ya Kahama ambayo mlango wake ulifungwa kwa kamba ya kiatu. Kuanzia Muleba nchi ilibadilika. Nilizoea vijiji vinavyojipanga kando ya barabara, kila duka likimtazama anayepita. Huku kando ya barabara palikuwa na nyasi tu, zile nyanda ambazo wenyewe wanaziita rweya, na kwa mbali, juu ya mgongo wa kilima, doa la kijani kilichoiva hadi kikawa karibu cheusi. Kisha nyasi tena, kisha doa jingine. Nikamuuliza mama aliyekaa jirani yangu, watu wa huku wanakaa wapi. Akanyoosha kidole kwenye doa. "Humo." Nikamwambia sioni nyumba. "Huwezi kuziona," akasema, "unaona migomba. Nyumba zimo ndani." Muhutwe nilibadilisha gari, tukapanda mlima hadi Kamachumu huku mvua ikipiga vioo, na niliposhuka nikampigia rafiki yangu. Alikuwa ameshavuka kwenda Uganda. "Mambo yalibadilika, ndugu yangu," alisema, na nyuma yake nilisikia watu wakicheka kwa lugha nyingine.

Nayakumbuka haya kwa sababu wiki iliyopita, hapa Mpanda ninapoishi kwa sasa, simu yangu ilileta ujumbe wa Koku: "Mama amepumzika. Tunamzika Jumamosi, pembeni ya Baba." Nilikuwa juu ya paa la mtu, bisibisi mdomoni. Nilishuka, nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikausoma tena. Mwenye nyumba akauliza kama kuna tatizo la waya. Nikasema hapana, kuna msiba. Akauliza wa nani. Ningesema mama mwenye nyumba wangu wa zamani, ningekuwa nimesema kweli, na ningekuwa nimedanganya. Nina miaka arobaini na kitu, nimeishi katika miji ambayo siwezi kuitaja yote bila kusahau mmoja, na kila mji nimeutamka na maneno hayo mawili, "kwa sasa". Ni mwaka mmoja tu ambao sikuyatumia. Nilipoulizwa na watu wa mbali niko wapi, nilijibu: niko Kamachumu.

Mwenye duka pale senta ndiye aliyenielekeza siku ile ya mvua. Alisema kuna mjane mmoja, Mama Josia, ana chumba cha uani, na bintiye aliyerudi kutoka Ulaya analia umeme kila siku. Nilipita katikati ya migomba mirefu hadi nikahisi nimeingia ndani ya kitu, si kijiji, maana sikuona mwanzo wala mwisho wake. Mama Josia alikuwa barazani, mguu wake wa kulia umefungwa bandeji. Alikuwa ameteleza kisimani mwezi uliotangulia. Hakuniuliza ninatoka wapi. Alinyoosha kikapu kidogo cha buni zilizochemshwa na kukaushwa, akasubiri nitafune. Ni chungu, zina harufu ya majani na moshi. "Hajui kutafuna," alimwambia bintiye, kisha kwangu, "polepole, waitu, si karanga." Waitu ni neno lao la heshima na la upole kwa wakati mmoja. Lilikuwa neno la kwanza la Kihaya nililojifunza.

Chumba changu kilishikana ukuta na jiko. Kilikuwa na kitanda cha mbao, dirisha moja lenye wavu uliotoboka, na msumari ambao sikuwahi kujua ulipigiliwa kwa ajili ya nini. Kupitia ukuta ule nilisikia kila kitu: ndizi zikimenywa na kudondoka ndani ya maji, kifuniko cha majani ya mgomba kikipapaswa juu ya sufuria, mama na binti wakizungumza Kihaya haraka haraka, halafu katikati neno moja la Kiswahili au Kiingereza likijitokeza kama jiwe mtoni. Wakati mwingine neno hilo lilikuwa "Mngoni". Ndivyo walivyoniita wote, tangu siku ya pili. Unaposikia jina lako ndani ya lugha usiyoijua, kupitia ukuta, unajua kwamba upo. Hujui tu uko vipi. Saa za chakula niliitwa, na kwa wiki za mwanzo nililetewa sahani barazani kama mgeni, matoke na maharage, au dagaa wa ziwani. Kisha siku moja Mama alisema, "Nani atakutembezea sahani kila siku na mguu huu? Ingia." Nikaingia, nikakaa kwenye mkeka, nikala nao kutoka kwenye jani moja. Upweke wangu haukuisha siku ile. Ulihama tu, ukaja kukaa ndani.

Koku, yule binti, alikuwa na umri kama wangu, thelathini na ushee. Kijiji kilijadili sana kuhusu mimi na yeye, lakini hapakuwa na la kujadili. Alikuwa mtu aliyechoka, na mimi nilikuwa fundi wake wa umeme. Nilimfungia paneli mbili na betri ili kompyuta yake isizimike umeme ukikatika. Alikuwa akisomea shahada ya juu kabisa kuhusu galaksi, na kazi yake ilikuwa imerudishwa airekebishe. Mimi niliishia kidato cha nne. Nilidhani galaksi ni neno jingine la nyota. Alinirekebisha bila kunicheka: galaksi moja ni mabilioni ya nyota, na galaksi nazo hukaa kwa makundi, chache hapa, nyingi pale, na kati ya kundi na kundi panakuwa pakavu kama rweya. Swali lake lilikuwa dogo ukilisema na kubwa ukilifanya: ndani ya kundi moja, galaksi zimekaaje? Zimesongamana katikati, au zimesambaa?

Mchana mmoja, barazani, alinigeuzia kioo cha kompyuta. Picha nyeusi, na madoa. "Hili ni kundi moja," alisema. "Nionyeshe katikati yake." Niliweka kidole kwenye doa kubwa lililong'aa kuliko yote. "Kwa nini hilo?" Nikasema si ndilo kubwa? Akaangua kicheko, cha kwanza nilichomsikia nacho. "Umekosea kama nilivyokosea mimi. Ila wewe hukukaa darasani miaka yote hiyo." Alieleza kwamba katika makundi mengi ni kweli, galaksi inayong'aa zaidi hutulia katikati na ndogo huizunguka. Lakini kuna makundi ambayo ile inayong'aa nayo iko mbioni kama nyingine zote, na katikati kuna iliyofifia, isiyotazamwa na mtu. Yeye aliyapima makundi yote kuanzia kwenye inayong'aa. "Na ukikosea katikati," alisema, "kundi zima linaonekana limetawanyika kuliko lilivyo." Kutoka jikoni, ambako tulidhani hasikii, Mama alisema kwa sauti, "Kama hapa tu. Anayeng'aa yuko Dar es Salaam." Alimaanisha Josia, mwanawe wa kwanza. Koku alicheka hadi akafuta macho, na baadaye nikaona kwamba hakuwa akifuta machozi ya kicheko peke yake.

Nilimuuliza kitu gani kinazishika pamoja. Akasema hilo ndilo la ajabu. Galaksi ndogo zinazunguka kwa kasi mno. Kwa uzito wa nyota tunazoziona zingekuwa zimeshatoroka zamani. Lakini hazitoroki. Kwa hiyo kuna uzito mwingine tusiouona, maada giza, na kila kundi limezama ndani ya bonge lake, wanaloliita halo. Limejaa zaidi katikati, linapungua kuelekea nje, na linafika mbali kuliko galaksi ya mwisho. Nikamwambia ni kama kibanja chenu, shamba lile la migomba lililoizunguka nyumba. Nilikuwa nimeona kwamba karibu na nyumba, kwenye majivu, maganda na samadi, migomba ni minene kama mapipa, na kadiri unavyokwenda pembeni inakonda, mpaka unakuta nyasi. Akanitazama kidogo, akasema, "Ndiyo, ila kibanja unakiona." Baadaye nilifikiri hata hilo si kweli kabisa. Nyuma ya nyumba ile palikuwa na makaburi, la mume wa Mama lenye vigae, na ya zamani ambayo yalibaki vichuguu tu chini ya migomba. Mzee Anatoli, jirani, mkulima wa kahawa mwenye ulimi usiopumzika, aliwahi kuniambia, "Hawa Wahaya, Mngoni, utawakuta Dar, utawakuta Ulaya, wanavaa tai. Usidanganyike. Wote watarudi hapa. Wengine kwa ndege, wengine kwa sanduku."

Mambo mawili aliyoniambia Koku mwaka ule nimetembea nayo hadi leo. La kwanza ni kuhusu galaksi ndogo inayoingia kundini. Ikishaingia, alisema, inaanza kuvuliwa. Gesi yake, ambayo ndiyo mbegu ya nyota, inafagiliwa na kuachwa njiani, na bila gesi haizai nyota mpya. Inageuka nyekundu, inazeeka. Zile zilizobaki peke yake huko nje mara nyingi bado ni za buluu, bado zinazaa. Nililipenda jambo hilo kuliko nilivyopaswa. La pili ni kuhusu wavamizi. Ndivyo alivyoziita galaksi zinazoonekana ndani ya kundi pichani, kumbe ziko mbele yake sana au nyuma yake sana, zinapita zao. "Jina baya," alisema, "maana hazijavamia kitu. Sisi ndio tumezipiga picha pamoja." Nikauliza anazitambuaje. "Kwa mwendo. Picha peke yake haiwezi kukuambia nani ni wa kundi na nani anapita."

Mara moja kwa mwezi nilimsindikiza Bukoba mjini, ambako mtandao ulikuwa na nguvu ya kutuma mafaili yake. Wakati akisubiri, mimi nilikwenda kununua waya kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi, katika jengo la zamani lenye nguzo. Alizaliwa Bukoba, alizungumza Kihaya kizuri kuliko mtu yeyote niliyemjua nje ya Wahaya wenyewe. Watoto wake walikuwa Kanada. Maduka ya kushoto na kulia yalikuwa ya ndugu zake, sasa yana majina mengine. "Mimi nimebaki," alisema, akipima waya kwa mkono, "ili wakipiga simu kuwe na mtu wa kupokea." Alisema hivyo bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja kazi yake. Tulirudi Kamachumu jioni na kumkuta Mama amekaa barazani bila taa, uso wake ukielekea njiani, na alipotuona alituuliza kwa ukali kwa nini tumechelewa, chakula kimepoa.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, wakati wa senene. Wanawake walikaa uani mchana kutwa wakinyonyoa mabawa na miguu ya wale panzi wa kijani, wakinitania kwa kuwa nilikuwa mzito wa vidole. Siku hiyo Mama aliinuka na fimbo yake, akaniambia nichukue jembe. Tulitembea hadi mwisho wa kibanja, pale migomba inapokonda na rweya inaanza. Alikuwa amekata vijiti vinne vya mlamula, mmea ule mwembamba wenye majani marefu kama visu, ambao niliuona kila mahali na kuudhania pambo. "Chimba hapa," alisema. Nikachimba, nikapanda. Akahesabu hatua kwa mguu wake mbovu, akachoka, akapumzika, akaendelea. "Na hapa." Hadi vikatimia vinne. Mzee Anatoli alikuwa akipita njiani. Alisimama. "Mngoni! Hongera, waitu. Sasa utatuletea na mke?" Nikamjibu, mke wa nini, mzee, napanda maua. Ilibidi akae chini kwenye majani. "Anapanda maua!" aliwapigia kelele wanawake kule uani. "Mama Josia, mwambie mtu wako. Anasema anapanda maua!" Mama alikuwa akishindilia udongo kwa ncha ya fimbo, na alikuwa akitabasamu kwa siri, kama msichana.

Koku ndiye aliyeniambia. Alikwenda kuviona, akarudi, akakaa kwenye ngazi. "Mlamula ni mpaka," alisema. "Mama amekukatia. Kile kipande ni chako." Kisha akaongeza, "Kaka atakuja Krismasi." Sijui kama nimewahi kuhisi furaha na hofu zikiwa zimeshikana mikono namna ile. Kwa wiki zile nilikwenda pale kila asubuhi kabla ya kazi. Nilipiga mahesabu ya nyumba: mlango utazame wapi, tangi la maji likae wapi, paneli ngapi juu ya paa. Nilisimama katikati ya vile vijiti vinne na kujaribu kusema moyoni, hapa. Nilisikiliza kama kitu kitaitika.

Josia alikuja na gari, mke, watoto na kreti za soda. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa kusema alikuwa mbaya, ingerahisisha simulizi hii. Alinisalimia kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kumtunza mama yake, na siku ya pili baada ya Krismasi akaniita sebuleni. Walikuwapo baba zake wadogo wawili na Mzee Anatoli kama shahidi, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma. Rubisi, pombe yao ya ndizi, ilikuwa kwenye kibuyu katikati. Koku alisimama mlangoni. Mama alikaa kwenye mkeka, mguu ameunyoosha.

"Ardhi ya ukoo haikatwi na mtu mmoja," Josia alianza kwa upole.

"Ninyi mnakuja Krismasi," Mama alisema. "Huyu ananisikia nikikohoa."

"Mama, sikatai. Nimesema haikatwi na mtu mmoja, ndiyo maana tumekaa wengi." Akanigeukia. "Ndugu yangu, sitakuuliza kabila wala dini. Mama amekupenda na sisi tumeona. Nakuuliza moja tu, mbele ya wazee. Ukifa, tukuzike wapi?"

Sikulitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya kuvumiliwa au kufukuzwa. Lakini hilo la kaburi ndilo hasa walilokuwa wakiuliza: kibanja si mahali pa kujenga, ni mahali pa kulazwa, na mtu anayekusudia kulazwa kwingine bado yuko njiani hata kama ameezeka bati. Nilitakiwa kusema neno moja tu, hapa, lile lile nililolifanyia mazoezi kila asubuhi. Nilimwangalia Mama. Yeye alikuwa akiangalia mikono yake.

"Sema tu, kijana," Mzee Anatoli alinong'ona, akinisogezea kibuyu. "Hatukupimi kaburi leo."

"Sijui," nilisema.

Hakuna aliyekasirika. Ingekuwa afadhali. Baba mdogo mmoja aliguna, mwingine akatazama nje. Josia alisema taratibu, "Mama, umesikia." Mama aliinuka kwa shida, akakataa mkono wa Koku, akaenda jikoni kuangalia ndizi.

Nimejiambia mengi tangu siku ile. Kwa miaka mingi nilijiambia habari ya gesi na nyota: kwamba niliona jinsi wanaokaa wanavyovuliwa kidogo kidogo, nikachagua kubaki wa buluu. Ni hadithi nzuri, nimewasimulia watu katika baa za miji mingi. Lakini galaksi hazichagui. Na nikijitazama sasa, kwenye ndoo iliyopinduliwa, sioni nyota nilizozaa huko nje. Nadhani ukweli ni mwepesi zaidi na hauna sayansi ndani yake. Niliulizwa kama nitakuwa wa watu fulani hadi mwisho, nami sikuwahi kufika mwisho wa kitu chochote, nikaogopa kuahidi.

Kilichopandwa na mkono wangu, walisema, king'olewe na mkono wangu, wao wakiona. Asubuhi iliyofuata tulikwenda pembeni ya kibanja. Nilidhani vijiti vingetoka kirahisi. Vilikuwa vimeshashika, ilinibidi nichimbe, na chini vilikuwa na mizizi ya rangi ya chungwa, mingi, laini. Mzee Anatoli, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na mzaha. "Udongo wa pembeni," alisema tu, "na bado imeota hivi."

Josia aliniambia chumba cha uani bado ni changu kwa muda ninaotaka. Alimaanisha. Lakini nilirudi kula barazani, kama mgeni, na Mama alirudi kuniletea sahani. Hakunisusia, aliweka chakula kingi kuliko kawaida, akauliza kama chumvi imekolea, akaenda zake. Hilo lilinishinda. Baada ya Mwaka Mpya, wageni wakiwa wameshaondoka, nilifunga begi. Koku naye alikuwa akijiandaa kurudi. Alikuwa ameyapima upya makundi yake yote, kila moja kutoka katikati yake ya kweli, na hesabu zilikuwa zimekaa. Alinisaidia kubeba sanduku la vifaa hadi kwenye njia ya migomba. "Ukifika niambie," alisema. Nikauliza nikifika wapi. Akafikiri. "Popote," alisema, akanirudishia sanduku.

Mama hakutoka. Nilisimama mlangoni kwake nikaaga, akajibu kutoka ndani kwamba anavaa, nikaona haya kuendelea kusubiri. Basi dogo la Muleba lilinichukua senta. Tulipozunguka kona ya kwanza, pale njia ya mkato ya kibanja chao inapotokea barabarani, dereva alifunga breki. Mama Josia alikuwa amesimama kando, amevaa gauni la kanisani, akihema, fimbo yake imejaa tope hadi nusu. Alikuwa amepita njia ya mkato kwa mguu ule. Kondakta alifungua mlango, akamwuliza kwa Kihaya kama anapanda. Alitikisa kichwa. Akanionyesha mimi kwa fimbo, na akasema kwa Kiswahili, ingawa kondakta alikuwa Mhaya kama yeye:

"Huyu ni mwanangu. Mkalishe dirishani, anatapika kwenye kona."

Sijawahi kutapika kwenye gari maisha yangu yote. Abiria mmoja aliinuka akanipisha. Nilikaa dirishani.